Tekno kwa Fundi Cherehani

Santuri zangu za kwanza sikuzinunua. Niliziomba, tena kwa aibu. Mpangaji wetu wa chumba cha uani, msichana wa Kijerumani aliyekuja Songea kujitolea kufundisha chekechea, alikuwa anafunga mizigo arudi kwao. Nikasimama mlangoni kwake nikajifanya nimekuja kuangalia kama balbu bado inawaka. Akaniangalia, akaangalia balbu, akacheka.

"Dada, unataka nini?"

Nikamwambia nataka ile mashine yake na zile sahani nyeusi. Nilisema huku natazama sakafu. Mimi, mwenye saluni yangu pale Bombambili, ambaye wateja wananiogopa kwa mdomo, nilikuwa namlilia mpangaji kama mtoto anayeomba andazi. Akaniuliza kama ninaupenda muziki ule. Nikamjibu kweli: siupendi, ila ninauhitaji.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Mama alipokwenda shamba, baba alinikalisha juu ya vipande vya vitambaa karibu na pedeli, na nililala usingizi wangu wote wa utotoni kwa mlio ule wa tiki-tiki-tiki usiochoka. Sare za nusu ya watoto wa Ruhuwiko zimepita mikononi mwake. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini aliyokuwa nayo aliyasema akiwa anashona, na ukitaka kumwomba kitu ulimsubiri aanze mshono mrefu, wa pindo la shuka au pazia, maana hapo alikuwa laini.

Kisha kikaja kiharusi. Kilimkuta kazini, akaanguka na suruali ya mtu mkononi. Alirudi kutoka hospitali upande wa kulia umekufa, na sauti imekwenda. Macho yalikuwa wazi lakini hayakushika kitu. Ukimwita, hayageuki. Ukimlisha, anameza. Mtaalamu wa mazoezi pale hospitali, kijana mpole, alituambia tuendelee kuzungumza naye. Mama akamuuliza kama anatusikia. Yule kijana akasema huenda anasikia, huenda hasikii, hatuwezi kujua.

Afadhali angesema hasikii. Ningelia nikamaliza. Lakini hiyo "hatuwezi kujua" niliibeba kila mahali, hata nikiwa nasuka nywele za watu. Nilianza kufunga saluni mapema. Nilifika nyumbani, nikapiga magoti mbele ya kiti chake, "Shikamoo baba." Marahaba yake niliyoizoea tangu nimejua kusema haikuja, na kila siku niliisubiri kidogo kabla ya kusimama. Sijui kama kuna kitu kinachomfanya mtu ajione hana nguvu kama kumwamkia mzazi asiitikie.

Siku moja ya Jumamosi tulimtoa barazani aote jua. Yule Mjerumani alikuwa anafua, amefungua dirisha, na muziki wake unadunda huko ndani. Muziki wenyewe ni ule wanaouita tekno. Hauna mwimbaji, hauna gitaa, hauna kibwagizo. Ni ngoma ya mashine, dum dum dum dum, mwendo mmoja kuanzia mwanzo hadi mwisho, na juu yake vitu vidogo vidogo vinavyochekecha na kugongagonga. Nilikuwa nimeshamwendea mara kadhaa kumwambia apunguze. Siku hiyo nilikuwa nimesimama tayari kwenda tena, mkono kiunoni, ndipo nikauona mkono wa baba.

Ni mkono wa kushoto, ule uliobaki. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilikuwa vinasogea mbele juu ya paja lake, vinarudi, vinasogea tena. Anayewajua mafundi anajua: mkono wa kulia unazungusha gurudumu, mkono wa kushoto unasukuma kitambaa. Baba alikuwa anasukuma kitambaa.

"Mama!" nilipiga kelele. "Mama, njoo! Anashona!"

Mama alikuja na mikono ina unga. Akatazama vile vidole kwa muda, akanitazama na mimi, akasema, "Haya mwanangu," akarudi jikoni. Nilidhani amezidiwa na furaha. Watu wengine furaha inawafunga mdomo.

Basi ndivyo nilivyoanza. Mpangaji aliniachia mashine, spika zake mbili na kasha la santuri, akanionyesha namna ya kuishika kwa kingo, namna ya kuushusha mkono wa sindano polepole, na kitufe cha kubadilisha kasi, maana nyingine zinazunguka haraka na nyingine taratibu. Mashine tukaiweka sebuleni, juu ya meza ya cherehani. Cherehani yenyewe tulikuwa tumeishusha chini, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuiuza. Mama akafuma kitambaa cheupe cha kuifunika, kama alivyofunika redio, runinga, friji na migongo ya makochi. Nikamwambia haifunikwi wakati inazunguka. Akasema basi ifunikwe ikiwa imelala.

Mtu atauliza, kwa nini usitafute muziki huo huo kwenye simu? Nilitafuta. Niliunganisha simu na spika, nikakaa mbele ya baba, nikasubiri. Vidole vikatulia tuli. Nikaweka santuri, baada ya kitambo, vikaanza. Hapo nikajijengea elimu yangu. Nikasema ni ile mikwaruzo ya sindano kwenye mistari, ule mlio mdogo wa kitu kinachogusa kitu, ndio baba anaoufahamu. Simu haina kitu kinachogusa kitu. Nilijiona nimegundua jambo ambalo hata hospitali hawalijui.

Halafu nikaona hapendi zote. Zile za mbio sana zikipigwa, vidole vilisimama. Za mwendo wa wastani, kama fundi anayeshona shuka bila haraka, viliendelea. Kwa hiyo nikazihitaji nyingi za namna hiyo. Yule binti alinitumia mbili kwa mkono wa mtu aliyekuwa anakuja misheni. Kupitia yeye nikajuana mtandaoni na kaka mmoja wa Dar es Salaam anayekusanya, mtu mkarimu lakini mwenye maneno mengi mno, akawa ananitumia kwa basi zile ambazo anazo mbili mbili. Nilikwenda stendi kuzipokea, nimeshafokeana na wapakiaji kabla hata basi halijasimama. Usiweke chini ya gunia! Usisimamishe karibu na injini! Walinizoea. Wakiniona walisema, "Mama wa sahani kafika."

Nilitafuta kwa ajili ya baba, lakini siwezi kudanganya, mimi mwenyewe nilinaswa. Nilianza kutofautisha. Kuna ambazo mwanzoni unadhani hakuna kinachotokea, kisha unashtuka mlio mmoja umekwisha kuondoka na hukuuona ukitoka. Kuna zenye mvumo kama wa mashine ya kusaga iliyo mtaa wa pili. Nyingi hazina picha wala jina, ni bahasha nyeusi yenye tundu katikati na muhuri. Nilizipa majina yangu: Pazia, Sare, Kaunda Suti, Shuka ya Hospitali. Nilikuwa nazisikia kichwani nikiwa kwenye bodaboda. Wateja saluni waliomba injili au bongo fleva, nami nikawawekea, huku moyo uko nyumbani. Ningependa kuwa na mtu wa kuzungumza naye habari hizo, lakini Songea nzima nilikuwa peke yangu, au basi yule mwenzangu amejificha vizuri.

Jambo moja lilinikera. Kila nilipoweka santuri, mama aliacha alilokuwa akifanya, akavuta kigoda, akaketi ubavuni kwa baba na kuanza kumsimulia mambo. Mahindi ya kule shambani. Nani kaolewa. Padri kahubiri nini. Na kwa vile muziki ulikuwa juu, alisimulia kwa kupaza sauti, karibu anapiga kelele sikioni mwake. Muziki wa kusikilizwa kwa makini, na mama juu yake kama mnadani.

"Mama, unaniharibia. Mwache asikilize."

"Nazungumza na mume wangu."

"Si usubiri uishe?"

"Huu unaisha?"

Jumuiya yetu ndogo ndogo ilipokuja kusali kwetu, zamu yetu ilipofika, nilitaka waone vidole vya baba. Baada ya rozari nikawaomba wasubiri kidogo, nikaweka ile niliyoiita Pazia, iliyo bora kuliko zote. Waumini wakakaa wametulia, mikono mapajani, kwa adabu kabisa. Ikadunda. Ikaendelea kudunda. Mwenyekiti wa jumuiya, mzee wa heshima zake, akaniinamia akaninong'oneza, "Mwanangu, wimbo unaanza lini?"

Nikamwambia ndio huu, mzee. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kusubiri. Mimi sikuwa nawatazama wao. Nilikuwa natazama vidole, na siku hiyo havikusogea. Nikawaambia ni kwa sababu ya wageni. Baba hakupenda kushona watu wakimtazama.

Ni kwa ajili ya ziara hiyo hiyo ndipo lilipotokea la kutokea, siku moja kabla yake, ila mimi nilikuja kulijua baadaye. Mama ni mtu wa usafi. Mgeni akitarajiwa kwetu, kila kitu kinaoshwa, hata kile kisichooshwa. Nilikuwa saluni. Akazitoa santuri zote kwenye bahasha zake, akaziosha kwa sabuni na kitambaa laini, akazisuuza, akazipanga juani kwenye kichanja cha vyombo, katikati ya masufuria na sahani za chakula. Nia yake ilikuwa njema. Ni sahani, zina vumbi, sahani zikioshwa zinaanikwa. Na jua la Songea la Oktoba, kabla ya mvua, si lile la Juni ambalo hata nguo haliikaushi. Jioni akazirudisha kwenye bahasha, akalipanga kasha, akalifunika kwa kitambaa. Pazia ilinusurika kwa sababu nilikuwa nimeiacha kwenye mashine.

Nilizitoa siku ya pili baada ya jumuiya kuondoka. Zilikuwa zimejikunja, kingo zinapanda na kushuka kama chapati iliyotolewa vibaya. Nilimwuliza mama, akaniambia ameziosha na kuzianika. Nilimtamkia mama maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi. Nikamwambia amemwua baba mara ya pili. Mama alichukua kile kitambaa chake cheupe, akakikunja, akakiweka mfukoni mwa vazi lake, akatoka uani.

Kaka wa Dar akanielekeza nizibane kati ya vioo, niweke uzito, nisubiri. Nikachomoa vioo vya dirisha la chumba cha uani, nikazibana, juu yake nikaweka pasi zote za mkaa za baba. Nikasubiri bila subira. Nilizitoa kabla ya muda wake, nikajiambia zimenyooka vya kutosha, nikaiweka Sare na kushusha mkono. Mkono ukapanda na kushuka, ukapanda na kushuka, muziki ukawa kama unalia, kisha ukaruka hewani na kuanguka. Sindano ikavunjika. Nilisikia ikivunjika.

Songea hakuna sindano ya pleya ya santuri. Niamini, niliulizia. Mafundi redio wa mjini waliniangalia kwa huruma. Mmoja alisema aliwahi kuiona hiyo kitu kwa babu yake. Kaka wa Dar akasema ataagiza kutoka nje, itafika ikifika. Ndiyo hivyo. Ukipenda kitu ambacho hakipo kwenu, unaishi kwa kusubiri fadhila za watu na mabasi.

Nyumba ikawa kimya. Mvua zikaanza, mama akawa anashinda shamba, hata siku ambazo shamba halikumhitaji. Mimi niliporudi kutoka kazini sikuwa na la kufanya. Nilimwamkia baba, nikakaa kwenye kile kigoda cha mama. Ndipo nikatambua kwamba tangu augue sijawahi kukaa naye hivi hivi tu. Siku zote nilikuwa nimesimama kwenye mashine, nageuza upande, nasafisha vumbi, nachagua inayofuata.

Nilikaa. Vidole vya baba vikasogea.

Kwanza nilifurahi. Nikasema anaikumbuka Pazia, anaipiga kichwani mwake. Kesho yake nikakaa tena. Vikasogea taarifa ya habari ikisomwa. Vikasogea mvua ikipiga bati. Vikasogea wakati hakuna kitu kabisa, jirani hata hakohoi. Vikasimama vyenyewe vilipotaka, vikaanza vyenyewe vilipotaka. Nikaimba mwendo wa haraka, dum dum dum, mate yananitoka, nikiwaza kwamba sasa vitasimama. Havikusimama. Nikaimba wa taratibu. Vikasimama. Nikamshika ule mkono nikaubana, na vidole vikaendelea kusogea ndani ya kiganja changu, vinasukuma, vinarudi. Havikuwa vinashona. Vilikuwa vinatikisika tu, basi.

Nililia pale kwenye kigoda bila kujizuia. Baba alikuwa anatazama ukutani.

Mama aliporudi alinikuta uani. Nilimwuliza moja kwa moja, wala pole ya shamba sikumpa.

"Ulijua?"

Hakujifanya hanielewi. Akaweka jembe chini. "Hata hospitali alikuwa anafanya hivyo. Hata akilala usingizi anafanya. Mimi ndiye ninayelala naye."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa na furaha. Ningekuambia, ungepata nini?"

Nilikuwa na hasira, lakini sikuona pa kuiweka. Kasha lote lile, fadhila zote zile, safari za stendi, majina niliyozipa. Nilikuwa nimeutafutia muziki mtetemeko wa misuli. Na mtu mwenyewe, kama yupo au hayupo huko ndani, nilikuwa sijui kama nilivyokuwa sijui siku ile hospitali.

Sindano ilifika wakati sina hamu nayo tena. Nililipokea lile boksi dogo stendi bila kumfokea mtu, wapakiaji wakashangaa. Nyumbani nikaliweka juu ya friji. Nilikuwa nimeshaamua nitaziuza kwa kaka wa Dar zile zilizonyooka, na meza irudishiwe cherehani yake.

Boksi lilikaa juu ya friji siku nyingi. Kisha mchana mmoja wa Jumapili, tumetoka misa, tumekula, mama alilichukua na kuliweka mbele yangu mezani.

"Funga hiyo sindano kwenye dude lako."

"Ya nini, mama? Wewe mwenyewe umesema hasikii."

"Sikusema hasikii. Nimesema vidole ni vidole." Akaketi. Akawa anaondoa makombo mezani ambayo hayakuwepo. "Mimi nimeishi naye toka nikiwa binti. Nikikaa naye kimya kimya nikamsemesha, nasikia namna asivyonijibu. Nasikia kabisa. Nyumba nzima inasikia. Likipiga hilo likelele lako, nikimsemesha asiponijibu, naona labda hajanisikia tu. Labda ni kelele."

Nilimtazama mama yangu. Nikakumbuka kile kigoda, na sauti yake iliyokuwa juu ya muziki, na mimi nikimwambia ananiharibia.

Niliifunga sindano. Nikarudia mara kadhaa mpaka ikakaa. Nikaiweka Pazia, nikashusha mkono polepole kama nilivyofundishwa. Mikwaruzo kwanza, halafu ngoma. Mama akavuta kigoda, akamwinamia baba sikioni, akaanza kumsimulia habari za mahindi, kwamba mwaka huu yameota vizuri, kwamba panya wamepungua. Kisha akanyamaza kidogo kumsubiri. Baba alikuwa anatazama ukutani.

Mama akanigeukia. Nilijua anataka nini kabla hajasema. Nikaongeza sauti.